Wageni wanakuja jioni: mapishi rahisi kwa anayeanza kupika



Katika makanisa yetu ya mashariki mwa Kongo, mara nyingi mgeni halali hotelini. Wajumbe wa semina, waimbaji wa kwaya kutoka mbali, mwinjilisti aliye safarini: wote hupangiwa nyumba za waamini. Siku moja orodha inasomwa kanisani, na jina lako limo. Watu sita watakula kwako Jumamosi jioni. Kama wewe ni bibi-arusi wa miezi mitatu, au kijana anayeishi peke yake, au baba ambaye mama wa nyumba amesafiri, moyo unaanza kudunda.

Hofu hii ina madhara ya kweli. Wengine hutafuta sababu ya kukataa, na mgeni anapelekwa kila mara kwenye nyumba zilezile mbili, mpaka akina mama wa huko wanachoka. Wengine hukopa fedha ili meza ionekane ya matajiri, kisha wanalipa deni miezi miwili kwa chakula cha saa moja. Wengine tena hupika kwa haraka kitu wasichokijua, na mgeni anaondoka na tumbo linalomsumbua.

Makala hii inataka kukusaidia upite katikati. Tutaeleza namna ya kuchagua vyakula, kisha mapishi ya vyakula vitano ambavyo havimwangushi anayeanza, halafu saa za kazi na mambo ya usafi. Vipimo tunavyotoa ni vya watu 8: wageni 6 na wenyeji 2. Kikombe tunachosema ni kile cha chai cha kawaida, karibu robo lita. Kikombe cha mchele mkavu kina uzito wa gramu 200 hivi.

Namna ya kuchagua

Kanuni ya kwanza: usimpikie mgeni chakula ambacho hujawahi kukipika. Kama hujapika sombe hata mara moja, ipike juma hili kwa ajili ya nyumba yako, na mara ya pili juma lijalo. Makosa yafanyike mbele ya watu wako, si mbele ya wageni.

Kanuni ya pili ndiyo inayopunguza hofu kuliko zote: chagua vyakula vinavyoweza kungoja. Maharagi, sombe na kuku wa mchuzi havikasiriki vikikaa saa moja vimefunikwa. Hata ladha inazidi kuwa nzuri. Bugali haungoji, unakauka juu na kuwa mgumu. Samaki wa kukaanga hangoji, analainika. Basi, katika meza yako weka chakula kimoja tu kisichongoja. Ukiweka vitatu, utakuwa jikoni unatoka jasho wakati wageni wanakaa sebuleni peke yao wakiangalia ukuta.

Kanuni ya tatu: uliza mapema. Mtu anayepanga wageni anaweza kukuambia. Ndugu zetu Waadventista hawali nyama ya nguruwe wala samaki asiye na magamba, kama vile kambale. Ndugu Wakimbangu nao hawali nguruwe. Kuna mwenye ugonjwa wa sukari, kuna mwenye presha ambaye daktari amemkataza chumvi nyingi, kuna mtu ambaye karanga humvimbisha uso. Kuuliza si aibu. Ni heshima kwa mgeni.

1. Maharagi

Tunaanza na maharagi kwa sababu ndiyo yanayookoa meza. Wageni wakiongezeka, maharagi yanatosha. Kuku akiwa mdogo, maharagi yanaziba pengo. Bei yake inajulikana na kila nyumba.

Chukua vikombe 3 vya maharagi makavu. Yamwage kwenye sinia na uyachague vizuri: jiwe moja dogo linaweza kuvunja jino la mzee. Yaoshe, kisha yaloweke jioni ya kabla ya siku yenyewe katika maji mengi, angalau saa 8. Asubuhi mwaga maji hayo. Maharagi yaliyolowekwa huiva mapema na hula makala kidogo.

Yaweke motoni kwa maji mapya, yapite juu ya maharagi kwa vidole vinne. Moto uwe mkali mwanzoni, na maji yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 kamili au zaidi. Usiruke hatua hii: maharagi, hasa yale mekundu, yana kitu ndani yake kinachotapisha watu kama hayakuchemshwa sana. Baadaye punguza moto, funika, na uache yaive polepole.

Itachukua muda gani? Inategemea unaishi wapi. Watu wa Bukavu na Goma wanaishi juu, karibu mita 1,500, na huko maji huchemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Uvira na Kalemie ziko kando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 770, na maji ya huko huchemka kwenye digrii 97. Digrii mbili zinaonekana ndogo, lakini kwa maharagi ni nyingi. Ndiyo sababu dada anayetoka Uvira akaolewa Bukavu anashangaa kwamba maharagi yake hayaivi kwa saa alizozizoea. Kwa mtu wa Bukavu au Goma, hesabu saa mbili hadi mbili na nusu. Maharagi ya zamani, yaliyokaa ghalani mwaka mzima, huenda mbali zaidi.

Maji yakipungua, ongeza ya moto, ili sufuria isiache kuchemka. Na usitie tomati kabla maharagi hayajalainika: uchachu wa tomati huzuia ngozi ya maharagi kulegea, na utayapika mpaka usiku. Chukua punje tano kutoka pande mbalimbali za sufuria, uziponde kwa ulimi. Zote tano zikipondeka, yameiva.

Sasa unga: katika sufuria nyingine weka vijiko 4 vikubwa vya mafuta, kaanga vitunguu 2 vilivyokatwa mpaka viwe rangi ya dhahabu, tia kitunguu saumu kidogo, kisha tomati 4. Zikilegea kabisa, mwaga maharagi pamoja na maji yake kidogo, tia chumvi na jani la seleri. Ponda upawa mmoja wa maharagi hayo na uyarudishe. Ndiyo yatakayofanya mchuzi uwe mzito. Yaache dakika 20 kwenye moto mdogo.

2. Sombe

Mgeni anayetoka mbali akiona sombe mezani anajua yuko nyumbani. Lakini sombe inadai uvumilivu, na inadai uelewe kwa nini.

Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu. Unapoyatwanga, unavunja jani hadi ndani, na sumu inapata njia ya kutoka. Unapoyachemsha bila kifuniko, inapanda na mvuke na kwenda. Kwa hiyo mambo mawili hayapunguzwi kamwe: kutwanga mpaka majani yawe laini kabisa, na kuchemsha kwa muda mrefu, nusu saa ya kwanza ikiwa sufuria wazi. Mtu anayetwanga nusu na kufunika tangu mwanzo kwa ajili ya kuhifadhi makala hakuokoa kitu.

Kama huna kinu au nguvu, nunua sombe iliyotwangwa tayari sokoni. Angalia iwe ya asubuhi hiyo, yenye rangi ya kijani safi, isiyonuka uchachu. Kwa watu 8 kilo moja inatosha.

Iweke katika sufuria kubwa, mimina maji yaifunike, na chemsha kwa nusu saa bila kifuniko. Kisha ongeza maji ya moto, tia kitunguu kimoja na biringanya 2 zilizokatwa, na uache ichemke saa moja nyingine. Harufu ya majani mabichi ikiisha kabisa, iko tayari kupokea mafuta.

Koroga kikombe kimoja cha karanga zilizosagwa katika maji ya uvuguvugu mpaka kusiwe na madonge, uimwagie sombe. Ongeza nusu kikombe cha mafuta ya mawese na chumvi. Kuanzia hapa usiondoke. Karanga hushuka chini na kuungua haraka, na sombe iliyoungua inanuka mtaa mzima. Moto uwe mdogo, mwiko upite chini ya sufuria kila baada ya dakika mbili tatu, kwa muda wa dakika 25. Mafuta mekundu yakianza kuonekana juu pembeni, imeiva.

Kama kuna mgeni ambaye karanga zinamdhuru, pika bila karanga kwa wote. Usimpikie yeye peke yake kisufuria cha pembeni, atajisikia mzigo.

3. Kuku wa mchuzi

Kuku ndiye anayewatisha wengi, kwa sababu ni wa bei, na kila mtu anamtazama. Kwanza ujue ni kuku gani uliye naye. Kuku wa kienyeji ni mgumu na mtamu, anahitaji saa moja na nusu hadi saa mbili. Kuku aliyegandishwa, anayeuzwa kwenye frigo, ni laini na anaiva kwa dakika 40; ukimpika saa mbili atavunjikavunjika. Watu wengi wanaosema kwamba hawajui kupika kuku walitumia tu muda wa mmoja kwa mwingine.

Kuku aliyegandishwa ayeyuke polepole ndani ya bakuli lililofunikwa, mahali pa baridi, tangu asubuhi. Asiwekwe juani, na asipikwe barafu ikiwa bado ndani ya mapaja.

Mkate vipande 12, vipite hesabu ya watu. Kwa kuku wa kienyeji, viweke kwenye sufuria pamoja na kitunguu kimoja, tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu, kijiko kidogo cha chumvi, na maji yanayofunika. Chemsha kwa saa moja hivi, mpaka uma uingie kwenye paja bila kusukumwa. Toa vipande, na hifadhi ile supu. Hiyo ndiyo utamu wenyewe. Kuku wa frigo hahitaji kuchemshwa kwanza: mpake chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, umwache nusu saa.

Kaanga vipande katika mafuta mpaka viwe na rangi pande zote, uviweke kando. Katika mafuta yaleyale kaanga vitunguu 3. Usiharakishe vitunguu, vikiwa bado vyeupe mchuzi utakuwa na ladha ya maji. Tia tomati 6 zilizokatwa na kijiko kimoja kikubwa cha tomati ya kopo. Koroga kwa dakika 10 hadi 15, mpaka uone mafuta yanajitenga na tomati. Alama hiyo ya mafuta ndiyo inayokuambia kwamba uchachu umeisha. Sasa mimina vikombe 2 vya supu, au vya maji ya moto, rudisha kuku, funika, na upike kwa dakika 25. Kwa kuku wa frigo ambaye hakuchemshwa, pika dakika 40.

Kujua kama ameiva: kata kipande kinene kando ya mfupa. Maji yanayotoka yawe meupe, si mekundu, na nyama isiwe na rangi ya waridi. Ukiwa na shaka, rudisha motoni dakika 10. Hakuna mgeni aliyewahi kuumwa kwa sababu kuku alichelewa.

Kama fedha ya kuku haipo, usikope. Sambaza wanatosha. Samaki hawa wadogo waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio chakula cha nyumba zote za Bukavu na Goma. Nunua kilo moja na nusu ya wabichi, waoshe, watie chumvi, waache wachuruzike maji, wapitishe kwenye unga kidogo, na kaanga katika mafuta ya moto kwa dakika 3 au 4. Usijaze sufuria, ama watashikana na kulainika. Lakini kumbuka kanuni ya pili: sambaza hawangoji. Ukiwachagua, acha bugali na upike mchele.

4. Mchele

Vikombe 4 vya mchele vinatosha watu 8 kama bugali upo pia. Kama hakuna bugali, weka 5. Uchague mawe, uoshe mara tatu mpaka maji yapungue weupe.

Chemsha maji vikombe viwili kwa kila kikombe cha mchele, pamoja na vijiko 2 vya mafuta na chumvi kidogo. Yakichemka, mwaga mchele, koroga mara moja, na uache wazi mpaka maji yashuke kiasi kwamba unaona matundu juu ya mchele. Hapo ondoa makala mengi kwenye mbabula, bakisha machache. Funika vizuri, na uweke makala matatu manne juu ya kifuniko kama ni cha chuma. Dakika 20. Usifunue, usikoroge. Kisha epua na uache dakika 10 nyingine kabla ya kupakua.

Mchele wa Bonde la Ruzizi na ule unaotoka ng'ambo havinywi maji sawa. Ndiyo sababu ukinunua aina mpya, jaribu kikombe kimoja kwanza siku nyingine. Mchele ukiwa mgumu mwishoni, nyunyizia nusu kikombe cha maji ya moto, funika tena dakika 7. Ukiungua chini, usiuguse ule wa chini: hamisha wa juu kwenye sufuria safi bila kukwangua.

5. Bugali

Kuna mgeni ambaye bila bugali anasema hajala. Kwa anayeanza, changanya unga wa mahindi na wa muhogo nusu kwa nusu. Ni rahisi kuugeuza kuliko wa muhogo mtupu. Mihogo michungu lazima ilowekwe siku 3 au 4, ianikwe na ikauke kabla ya kusagwa, la sivyo unga unabaki na sumu. Nunua kwa mtu unayemjua, onja kidogo, na unga mchungu uurudishe.

Kwa watu 8 ambao wana mchele pia, chemsha vikombe 6 vya maji. Tia vikombe 4 vya unga, kidogo kidogo, ukikoroga kwa nguvu, sufuria ikiwa imeshikwa imara. Madonge yakitokea, yaponde kwenye ukuta wa sufuria kwa mwiko. Ongeza unga kidogo kama ni laini mno. Geuza na kukandamiza dakika 8 hadi 10 kwenye moto wa wastani, mpaka bugali uache kushika sufuria. Viringa, weka kwenye sahani iliyoloweshwa maji, funika.

Saa za kazi

Tuseme chakula ni saa 12:45 za jioni, na una mbabula mbili. Panga hivi:

- Jioni ya kabla: kuchagua mchele, kuloweka maharagi, kuchemsha maji ya kunywa na kuyaacha yapoe ndani ya bidoni safi iliyofungwa.
- Saa 2 za asubuhi: soko. Nunua sombe, tomati, kuku na matunda.
- Saa 7: maharagi yanapanda mbabula ya kwanza.
- Saa 8: sombe inapanda mbabula ya pili.
- Saa 9 na nusu: maharagi yanashuka, kuku anapanda.
- Saa 10: sombe inashuka. Unga maharagi hapo.
- Saa 11 na nusu: kuku anashuka, mchele unapanda. Mbabula ya pili inapasha moto maharagi na sombe mpaka zichemke tena.
- Saa 12 na dakika 20: mchele umekwisha, maji ya bugali yanapanda wakati wageni wananawa.

Ona kwamba kati ya saa 10 na nusu na saa 11 na nusu kuna nafasi. Hiyo ni saa yako ya kuoga na kubadilisha nguo. Usiijaze na chakula cha sita.

Una mbabula moja tu? Pika maharagi, mchele na sombe, basi. Pika maharagi asubuhi, uifunge sufuria kwenye blanketi nzito. Itabaki na joto kwa saa kadhaa. Kabla ya kupakua, yachemshe tena. Usiku ukiwa na baridi au mvua, usiingize mbabula yenye makala mekundu sebuleni ukafunga milango. Hewa yake haina harufu, na imeua watu wakiwa usingizini.

Umeme nao hupotea bila kuaga. Tochi iwe karibu, na kazi za kisu zimalizike kabla ya saa 12.

Usafi unaolinda wageni

Kipindupindu bado kinatembea katika miji yetu, kwa hiyo jambo hili si la mapambo. Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika 1 hadi 3. Maji ya kunawa yamiminwe kutoka kwenye jagi, mgeni mmoja baada ya mwingine, pamoja na sabuni. Beseni moja ambalo wote wanaingiza mikono linagawa ugonjwa. Kisu na ubao uliokatia kuku mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa matunda. Ananasi na papai vioshwe kabla ya kumenywa.

Chakula kilichobaki kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kama huna frigo, maharagi na kuku vichemshwe tena usiku huohuo, vifunikwe, na asubuhi vichemshwe tena kabla ya kuliwa. Mchele uliolala nje ya frigo usiwape watu. Vijidudu vyake havifi hata ukiupasha moto. Afadhali umgawie jirani ukiwa bado wa moto.

Mambo yakiharibika

Chumvi imezidi? Ongeza maji, au tomati, au maharagi yasiyo na chumvi. Watu husema kiazi hunyonya chumvi. Ukweli ni kwamba kiazi kinaongeza tu wingi wa chakula, na hilo nalo linasaidia. Mchuzi ni mwepesi? Funua sufuria, moto uongezeke, dakika 10. Sombe imeanza kushika chini? Hamisha iliyo juu, acha ya chini.

Wageni wamekuwa 10 badala ya 6? Ongeza vikombe 2 vya mchele, kata vipande vikubwa vya kuku viwe viwili, na mwenye nyumba apakue mwenyewe sahani ya kila mtu badala ya kuacha bakuli la kuku lizunguke. Hakuna atakayehesabu. Na wakichelewa mpaka saa 2 za usiku, vyakula vyote vinangoja isipokuwa bugali, ambao hujaanza kuusonga. Usiusonge mpaka uwaone mlangoni.

Neno kwa mwenyeji

Mgeni aliyesafiri siku nzima kwenye barabara zetu anataka vitu vichache: maji ya kuoga, chakula cha moto kilichoiva, na mtu wa kuzungumza naye. Katika habari ya Martha na Maria, Martha hakukosa kwa kupika. Alisumbuliwa na mambo mengi. Vyakula viwili vilivyoiva vizuri vinamheshimu mgeni kuliko sita vilivyopikwa kwa hofu.

Usiombe radhi mezani kwa ajili ya chumvi au ukubwa wa kuku. Mgeni ambaye hakuona kasoro ataanza kuitafuta. Omba baraka, wakaribishe, keti nao ule. Na tuwaambie pia vijana wa kiume: mapishi haya hayana ya dada peke yake. Kaka anayejua kupika maharagi na mchele anaweza naye kuandika jina lake kwenye orodha ya wapokeaji wageni.

Usiku, wageni wakishalala, chukua daftari uandike: vikombe vingapi vya mchele, kipi kilibaki, kipi kilipungua, sombe ilichukua saa ngapi kwenye mbabula yako. Mara ya pili hutatumia vipimo vyetu; utatumia vyako. Mungu abariki meza zenu.